Biti za Chuma, Kitanda cha Mvule

Asubuhi niliyoondoka Ngamiani sikuwa na mahali ninapokwenda. Nilimwambia fundi seremala niliyekaa kwake natoka kidogo, naye akaitikia bila kuuliza, ameinamia randa yake. Njiani lori la Pangani lilikuwa likipakia magunia, nikapanda. Hitima ya arobaini ya mke wa fundi ilikuwa imesomwa juzi yake.

Kwa seremala yule nilikaa mwaka na nusu, na kwangu ule ulikuwa muda mrefu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Shule niliiacha darasa la tatu, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kuhama: nimekata mkonge, nimepasua magogo Amani. Fundi alinipokea kwa sababu, alisema, hajapata kuona mtu mzima anayeuliza maswali kama mimi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akawa ananiachia kupima na kutoboa. Tulitumia keke ya zamani, ile inayozungushwa kwa uta, yenye chuma kimoja kilichofuliwa na mhunzi. Ilikwenda polepole, lakini haikuharibu mbao.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa kulala. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kimebonyea katikati, na mgongo umeanza kufanya vidonda. Fundi akaamua kumtengenezea kipya, cha mvule, kiwambwe kwa kamba mpya za ukindu hadi kiwe kama ngoma. Mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, ilitaka matundu mengi ya kupitishia kamba. Kwa uta tungechelewa. Akanituma dukani nikachukue keke mpya ya mkono na biti zake, vile vyuma vya kutobolea.

“Biti chagua wewe,” akaniambia. “Mimi nitaona nini?”

Mwenye duka alinitandikia alizokuwa nazo juu ya gunia. Zilikuwapo nyeusi, zimepakwa grisi, zenye ncha ya skrubu na mbawa mbili za kukatia, zinauzwa moja moja. Na palikuwa na seti nzima ndani ya kisanduku cha bati, zinang'aa, zimepangwa kuanzia nyembamba kama sindano hadi nene kama kidole, na pembeni biti mbili bapa za kukazia skrubu kwa keke hiyo hiyo. Sikuwa nimeona kitu kama kile. Akaniuliza nataka za kutobolea mbao au za kutobolea chuma. Mimi niliyemchosha kila mtu kwa maswali, pale niliona haya kuuliza tofauti yake. Nikajibu ninafanya kazi zote.

“Kumbe fundi mkubwa,” akasema, akacheka, akanifungia kisanduku.

Zilikuwa za chuma. Juu ya mvule ncha zake ziliteleza. Niliposukuma kwa kifua mbao zikatoa moshi. Mgonjwa alinisikia kutoka chumbani.

“Mwanangu, unatoboa kitanda au unachimba kisima?”

Nikamwambia kisima, mama, upate maji karibu. Alicheka hadi akakohoa.

Fundi alipapasa tundu kwa kidole, akasema kingo zimechanika, nizirudishe zile biti nichukue zenye ncha ya skrubu. Nikamwambia yamebaki matundu machache. Hayakuwa machache. Nilitaka tu kuona seti yangu ikifanya kazi. Nikatia biti nene, nikakandamiza, na mfumbati ukapasuka upande wa kichwani, kutoka tundu hadi tundu.

Mvule mrefu haukupatikana mjini. Fundi aliagiza Muheza, na mbao zikachukua siku tisa. Kitanda cha zamani tulikuwa tumeshakikata kamba, tukiamini kipya kitakuwa tayari jioni, kwa hiyo mama yule alilala mkekani, chini. Hakunilaumu. Kila asubuhi aliniuliza kisima kimefika wapi.

Mfumbati mpya niliutoboa kwa uta. Tulimaliza kuwamba Alhamisi alasiri. Kamba mpya hulegea, lazima ziachwe siku moja kisha zikazwe tena, basi fundi akasema tutamhamisha kesho. Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, mama yule alifariki.

Wanawake waliokuja kumwosha walitaka kitanda cha kamba, maji yapite na kuingia katika ufuo, shimo lililochimbwa chini yake. Kilichokuwapo ni kile kipya. Nilikibeba mwenyewe hadi mlangoni, wakakipokea.

Tuliporudi kutoka makaburini fundi alikaa karibu nacho, akapitisha vidole kwenye matundu, moja baada ya jingine.

“Kimekaa sawa,” akasema. “Umetoboa vizuri.”

Nilisubiri maneno mengine. Siku zote arobaini niliyasubiri, wakati wa kula, wakati wa kupiga randa. Hayakuja. Angenitukana, naamini ningebaki.

Pangani nilishuka mchana. Watu walikuwa wakivuka mto kwa pantoni, nami nikavuka nao hadi Bweni. Huko nilimkuta mama mmoja wa makamo akianika mbata za nazi uani. Nilimpa shikamoo, nikamwomba chumba. Aliniuliza nimetoka wapi, nina ndugu gani hapa. Sikuwa na ndugu. Akanitazama mikono.

“Hiyo mikono ya seremala,” akasema. “Mlango wangu wa jikoni umeachia bawaba mwezi mzima.”

“Hapana, mama. Mimi nafua nazi tu, kutoa makumbi.”

Aligeuza kipande cha mbata, akasema nazi zipo. Akafungua chumba cha nyuma, akanionyesha pa kuweka viatu vyangu.