Fundi Sikio na Jointi ya Ndani

Karakana ya Fundi Sikio haikuwa na kibao, wala haikukihitaji. Ukifika kwenye kona ile ukamkuta mtu mzima na akili zake timamu akilia "taka-taka-taka" kwa mdomo mbele za watu, ujue umefika.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wake. Fundi Sikio hakugusa injini, wala breki, wala taa. Kazi yake ilikuwa shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, pamoja na jointi zilizo kwenye ncha zake, basi. Mteja akileta gari, yeye hakukimbilia kuchungulia chini kama mafundi wengine. Alijifuta mikono, akasimama naye uso kwa uso, akasema, "Haya, niigizie." Mteja angecheka, angeona haya, angetazama pembeni. "Nitazame mimi," fundi angemwambia. "Niigizie kama gari linavyolia." Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, tai shingoni, alilazimika kulia mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza alifunika mdomo kwa kiganja. Mafundi wa jirani walikuwa wakiacha spana zao kuja kutazama, na tuseme ukweli, nusu ya sifa za karakana ile zilitokana na burudani hiyo.

Nusu ya pili aliistahili. Mteja akishalia, fundi alitoa hukumu papo hapo.

"Taka-taka ukikata kona? Hiyo ni jointi ya nje, ya gololi. Ndani mna gololi sita, kila moja na mfereji wake. Buti la mpira linaloifunika limechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia. Gari likitetemeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni ya ndani, ya miguu mitatu, kila mguu na roli yake, kigurudumu kidogo."

"Kwani zina tofauti gani, fundi?" angeuliza asiyejua kwamba swali hilo humgharimu mtu asubuhi nzima.

"Tofauti kubwa! Ya nje inajikunja sana, ila haiingii wala haitoki. Ya ndani haijikunji sana, lakini inaingia na kutoka kila gari linaporuka shimo. Ila kazi yao ni moja: wewe kata usukani unavyotaka, gurudumu lizunguke kwa mwendo uleule wa shafti, bila kushtukashtuka. Yale magari ya zamani ya milimani yana jointi ya krosi mbili, misalaba miwili ya chuma inayofuatana. Hayo uniletee ukiwa umeshakula, maana utakaa."

Sasa nikwambie kilichokuwa kikimnyima usingizi. Fundi Sikio hakuwa akisikia.

Jina alilipata kwa haki. Enzi zake alikuwa anaweza kukaa chooni akatambua jointi mbovu ya gari linalopita barabarani. Lakini miaka thelathini ya kugonga chuma kwa nyundo bila kuziba masikio ilidai chake. Kwanza ndege walinyamaza, halafu simu, mwisho gololi zenyewe. Mtu akimsemesha kwa nyuma, fundi alikuwa kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa. Aliogopa, aliogopa kwelikweli. Nani atamletea gari Fundi Sikio asiyesikia? Na yeye hakuwa na kazi nyingine anayoijua duniani. Ndipo alipobuni mambo ya kuigiza. Wateja walidhani anasikiliza, kumbe anasoma midomo: ulimi ukigonga nyuma ya meno ni gololi, midomo ikichongoka kwa "vuuu" ni beringi.

Hata nyumbani alificha. Wengine wakicheka naye alicheka, akiulizwa jambo asiloliona mdomoni aliitikia kwa kichwa na kusema "sawa kabisa." Kwa mtindo huo aliwahi kukubali kuwapokea mashemeji wanne kwa wiki tatu, na hakujua mpaka alipoona magodoro yanashushwa.

Siku moja asubuhi akaingia fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, gari limejaa vitambaa hadi dirishani. Majirani wakasogea, vikombe mkononi.

"Karibu, mama. Haya, niigizie."

Yule mama akatikisa kichwa, akagusa sikio lake, akapunga kidole. Akatoa daftari kwenye mkoba akaandika: "Mimi ni kiziwi. Watu wanasema gari langu linapiga kelele. Mimi kelele siijui."

Mdomo wa kusoma hakuna, na watu wamesimama wanangoja. Fundi akachukua kalamu, akaandika jambo la kwanza lililomjia: "Unahisi nini?"

Mama akashika usukani wa hewani. Akaukata kulia mpaka mwisho, akaukata kushoto mpaka mwisho, uso umetulia tuli. Kisha akakanyaga mafuta ya hewani, na hapo akatikisika kuanzia kiunoni mpaka mashavuni. Majirani walimwagiana chai kwa kicheko. Fundi hakucheka. Tangu aanze kazi hakuwahi kupewa maelezo safi namna ile.

"Ya ndani!" akapaza sauti, kubwa kupita kiasi kama kawaida yake siku hizo.

Akapiga jeki, akachomoa shafti, akafungua jointi. Roli moja kati ya tatu ilikuwa imeliwa na imechimba shimo kwenye njia yake. Majirani wakatawanyika wakisifu.

Alikuwa ameinama anasafisha grisi wakati lori lilipopasuka tairi nyuma ya uzio. Kona nzima iliruka. Mchomeleaji wa jirani alijitupa chini. Watu wawili tu hawakugeuka: fundi, na yule mama, ambaye alishangaa kuona wenzake wanarukaruka, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama fundi kwa muda mrefu.

Punde mke wa fundi akatoka nyumbani, nyuma ya karakana, na birika. Njia ya mkato ilikuwa kupita nyuma ya mumewe, hatua tatu tu. Yeye akalizunguka gari, akaruka jeki, akapenya kati ya meza na ukuta, mpaka aliposimama mbele ya uso wake. Ndipo akasema, "Baba, chai yako hii." Akaiweka, akaondoka.

Daftari likaja mbele ya fundi. "Tangu lini husikii?"

Fundi akatazama kulia na kushoto. Akaandika, akaipaka karatasi grisi: "Miaka mitatu. Tafadhali usiseme. Hata mke wangu hajui."

Mama akasoma, akacheka. Akaandika mstari mmoja: "Fundi, mkeo amezunguka gari zima ili uone mdomo wake."

Fundi akakaa juu ya tairi. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mkewe kumwita kutoka chumba kingine, au kumsemesha akiwa amempa kisogo. Hakuipata. Miaka mitatu yule mwanamke amekuwa akimjia kwa mbele, na yeye, mjinga mkubwa, akijisifu kimoyomoyo kwamba uzeeni mke amezidi kupenda kumtazama. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile akahisi raha ambayo hakuwa ameihisi kwa muda mrefu.

Akainuka. Mkewe alikuwa uani anaosha vyombo, mgongo kwake.

"Mama," akasema. "Mimi sisikii."

Mkewe akaacha sufuria. Akajifuta mikono taratibu, akaja mpaka mbele yake, akakishika kidevu chake chenye grisi ili asitazame pembeni.

"Najua," akasema, akilifungua kila neno. "Na magoti yameniisha kwa kukuzunguka."