Fuawe Niliyoikana

Mlio wa chuma kikipigwa juu ya jiwe ni mzito na mfupi, kama mtu anayekohoa kwa aibu. Huo ndio mlio nilioamkia kila siku pale Issuna, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Baba na kaka yake, baba mkubwa Ntandu, walikuwa wahunzi. Walifua majembe, mashoka na vichwa vya mikuki, na fuawe yao ilikuwa jiwe jeusi walilorithi, pana kama kigoda, lililolainika katikati kwa mapigo ya watu waliokwisha kufa. Mimi nililisikia jiwe lile kuliko nilivyoliona. Katika ukoo wetu mwanamke hakuingia kiwandani moto ukiwaka, wala hakugusa fuawe hata siku moja. Ilisemekana akiigusa, kila chuma kitakachofuliwa juu yake kitapasuka. Baba mkubwa aliishika mila hiyo kwa mikono miwili, maana ilimpa mtu wa kumkaripia kila asubuhi.

Mwaka ninaousimulia, jiwe lilipasuka. Mvua zilikuwa hazijaanza, vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye ugali wa uwele, na watu wa vijiji vitatu wanasubiri majembe. Baba alijaribu mawe mengine, yakamegeka kama mikate. Majembe ya dukani yalikuwapo, na kila aliyechoka kusubiri alikwenda kuyatafuta huko. Chakula chetu kilitoka kwa waliobaki, waliotulipa mtama kwa kazi ya mikono ya baba na kaka yake. Mama alianza kupunguza ugali, naye baba alishinda ameketi mlangoni, mikono imelala magotini. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, kwa sababu alikuwa mtu wa kuketi.

Wakati huo reli iliyotoka Manyoni kuja Singida ilikuwa imekwisha kung'olewa. Lilibaki tuta refu lililoota majani, na amri: atakayeonekana na chuma cha reli atapelekwa barazani kwa mtemi. Nilikuwa nikiokota kuni kando ya tuta hilo nilipojikwaa kidole kikatoka damu. Nikafukua kwa hasira, nikitaka kulitupa mbali jiwe lililoniumiza, nikakuta si jiwe. Kilikuwa kipande cha reli, kirefu kama mkono wangu, kimekatwa pande zote mbili. Nikakigonga kwa kokoto. Kikalia kwa sauti nyembamba iliyokaa hewani muda mrefu, na mimi, binti wa mhunzi, nikajua nimeokota nini. Nilikificha katikati ya mzigo wa kuni, nikakaza ngata, nikakibeba kichwani mpaka nyumbani. Shingo iliniuma siku nne.

Baba alipokiona macho yalimlegea. Alikigonga, akasikiliza, akakigonga tena, kisha akanishika bega. Hiyo ndiyo shukrani pekee niliyopata, maana baba mkubwa alikuja, akakizunguka kile chuma mara mbili, akaniambia, "Wewe ni mwanamke. Hugusi fuawe. Hiki kakiokota Hango, umesikia?" Hango alikuwa mwanawe, mvulana wa rika langu aliyekuwa amelala chini ya ghala siku nzima. Nilimtazama baba. Baba akatazama chini. Jioni walikiosha kipande kile kwa damu ya kuku ili kuondoa mikono yangu, wakakipigilia kwenye gogo, na jirani waliokuja kuangalia wakampongeza Hango. Alipewa paja la yule kuku. Nilimchukia Hango, nikamchukia yule kuku, na baba nikamchukia zaidi ya wote wawili.

Kazi ilirudi na mtama ukarudi. Lakini chuma hakina siri. Jiwe lilikuwa likikohoa. Reli ilikuwa ikiimba, na sauti yake ilivuka mashamba mpaka barabarani. Haikupita hata wiki mbili tarishi wa mtemi akasimama uani kwetu na fimbo yake, akauliza ni nani aliyeleta chuma cha Serikali. Hango alikuwa amesimama pale pale. Baba mkubwa hakumtazama hata kidogo. Alininyooshea mimi kidole.

"Ni huyu binti wa mdogo wangu. Kakiokota kwenye kuni. Mtoto tu, hajui kitu."

Tarishi alikuwa Mnyaturu mwenzetu. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ntandu, mwanamke akuletee wewe fuawe? Tangu lini? Unaniona mimi mtoto?" Kisha akanigeukia. "Haya binti, sema. Ni wewe?"

Baba alitazama chini tena. Ningesema ndiyo, yeye ndiye angechukuliwa, kwa kuwa kosa la mtoto ni la babaye. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilimwokoa baba. Si kweli. Sikumfikiria baba hata kidogo. Nilimtazama baba mkubwa usoni, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu, nikasema, "Hapana. Mimi ni mwanamke. Sigusi fuawe."

Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kiwanda, baba mkubwa alibebeshwa kipande kile kichwani mwake mwenyewe mpaka barazani, na nilifurahi kuona shingo yake inavyopinda. Alivunja kokoto za barabara mwezi mzima. Karani aliyekikagua chuma alisema ni kipande cha kutupa, hakina kazi kwa mtu yeyote. Basi adhabu ilipokwisha baba mkubwa akarudi nacho. Hakunisemesha mpaka alipokufa, nami sikumlilia.

Fuawe ile ingali hai. Iko Ikungi, kwenye karakana ya mjukuu wa Hango, ambako sasa wanachomelea mageti na madirisha. Mwaka jana nilipeleka jembe langu likanyooshwe. Aliyelinyoosha ni binti yake, msichana aliyevaa suruali, nyundo mkononi, ameikalia fuawe kwa tako moja huku akisubiri chuma kiive. Hakuna aliyemkaripia. Nilipaswa kufurahi; nilimwonea wivu. Baba yake alikuwa akimsimulia mteja jinsi Hango alivyoiokota fuawe ile, na jinsi mzee Ntandu alivyofungwa kwa ajili yake. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwongo. Niliiokota mimi."

Akanitazama kwa upole wanaotazamwa nao vikongwe. "Lakini bibi, tarishi alikuuliza wewe mwenyewe, mbele ya watu, ukasema hapana. Sisi sote tunaijua hadithi hiyo."

Msichana akanyanyua nyundo. Ule mlio ukatoka, mwembamba, ukakaa hewani. Nilichukua jembe langu nikaenda zangu, na ulinifuata mpaka barabarani.