Madirisha ya Nyumba ya Mchumba

Jamani, bado naona haya. Chumvi ya bahari imenilia madirisha ya chuma, nikataka ya plastiki ya PVC. Lakini mafundi wa siku hizi, nikasema simpi mtu kazi mpaka nione alichofanya kwingine. Fundi niliyempata akanielekeza nyumba moja Ufukoni aliyoiwekea madirisha. "Nitawapigia wenyewe, mama."

Nikapiga hodi. Mama mwenye nyumba akanipokea kwa mikono miwili. "Karibu dada, tunakusubiri!"

Nikajua fundi kapiga simu. Nikaletewa sambusa, nikasema bismillahi, nikala. Kisha nikaomba kuzunguka. Nikafungua, nikafunga, nikagonga vioo, hadi chumbani alikokaa binti kajitanda mtandio, kainama. Nikampita.

"Mbona mpira wa dirisha umeachia hivi?"

Mama jasho likamtoka. "Utarekebishwa, dada yangu, kabla ya harusi. Msituvunjie posa kwa hilo."

Posa gani tena?

Kabla sijauliza, wakaingia wanawake watatu waliovaa baibui mpya. "Asalaam aleikum. Mimi shangazi wa mwanaume, nimekuja kumwona mchumba."

Mama akanigeukia. "Na wewe ni nani?"

Binti akainua uso. "Mama, huyu kakagua kila kitu humu ndani isipokuwa mimi."