Kipimo cha Vumbi Ndani ya Nailoni

Nimezunguka sana katika nchi hii ya machimbo, na popote nilipolala nimelikumbuka vumbi la utotoni kule Shinyanga, vumbi la ng'ombe wakirudi jioni, lenye harufu ya samadi. Nililipenda. Labda ndiyo sababu sikuwahi kuliogopa vumbi hadi nilipofika Masumbwe kwa mdogo wangu wa kike.

Alikuwa amepanga jirani na karasha, mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu. Nyuma ya nyumba yalirundikwa marudio, mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Mtoto wake, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, alikohoa usiku kucha. Wakati huo nilikuwa kibarua wa mradi wa kupima hewa. Nilimsindikiza fundi na kufunga vipimo ukutani. Ni visanduku vyeupe vya betri, vyenye feni ndogo inayovuta hewa. Ndani kuna mwanga. Vumbi likipita mbele yake, namba kwenye kioo cha kisanduku inapanda.

Tulifunga kimoja chumbani kwake. Shemeji, ambaye kazi yake ilikuwa palepale kwenye karasha, akamwambia mkewe, "Namba ikiwa mbaya, mpeleke mtoto kwa mama. Ikiwa nzuri, nisisikie tena habari ya kuhama."

Haikupita wiki fundi akanionyesha simu yake, ambako namba zilikuwa zinaingia. "Mzee, kwa mdogo wako hewa ni safi kuliko ofisini kwangu. Nitahamia huko na godoro."

Mdogo wangu alipopata habari alifungua begi alilokuwa ameshalifunga. Lakini mtoto aliendelea kukohoa, nikaenda kumwona.

Kisanduku kilikuwa mahali pake, kimevikwa mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mpira, kama rimoti ya televisheni. Juu ya nailoni, kitambaa cha kufuma chenye maua.

"Nani amekivika?"

"Mimi, kaka. Mlisema ni cha gharama. Hapa kila kitu kinaliwa na vumbi, ningekiachaje wazi? Hata shemeji yako kanisifu."

Feni ilikuwa inazungusha hewa ileile ya mfukoni. Nilivua kitambaa, nikavuta nailoni. Namba ilitulia kidogo, kisha ikaanza kupanda. Ikafika tarakimu mbili, ikafika tatu, na bado ikapanda. Nikakipiga kofi. Nikakizima, nikakiwasha. Ikarudi kulekule.

Nikakaa kitandani karibu na mtoto. Kila alipovuta pumzi, ngozi ilizama chini ya mbavu zake. Siku zote hizo tulikuwa tunapima hewa ya mfuko, naye anavuta ya chumba.

Mdogo wangu hakulia. Aliitazama namba. "Hiyo ni ya sasa hivi, au ya jana?"

"Ya sasa hivi."

"Kaka, leo umeme umekatika. Karasha halijawaka tangu asubuhi."

Ndipo nikatambua kwamba tangu nifike tulikuwa tunaongea bila kupaza sauti. Nje ulikuwepo upepo tu, unapita juu ya marudio na kuingia dirishani. Nilijaribu kufikiria namba ya siku ya kazi, nikashindwa.

Nilipogeuka alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Nikamwambia asubiri nimwite shemeji.

"Atatukuta hospitali," akasema, akiwa ameshafika mlangoni. "Na tukitoka hospitali, atatukuta kwa mama."