Siku Gitaa Langu Lilipoingia Mnadani

Ukisikia kwaya ya huku kwetu redioni, huenda gitaa unalolisikia ni langu. Sijisifu. Au tuseme najisifu, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Kwaya inakuja studio Bukoba mjini, inaimba, inapanda gari na kurudi Ngenge au kokote ilikotoka, na mimi nabaki na hedfoni kichwani nikiweka gitaa chini ya sauti zao. Ikifika siku ya kurekodi video, wanakwenda ufukweni na sare zao, na gitaa anapewa kijana mmoja wa kwaya mwenye sura nzuri, analikuna kwa madaha huku waya wake haujachomekwa popote. Nimeona watu wengi wakisifiwa kwa vidole vyangu. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nacheka, nachukua malipo yangu, narudi zangu chumbani kwangu Kagondo.

Hiyo lakini ni kazi ya kuinjika sufuria. Kazi ya moyo wangu ni roki. Bendi yetu ina watu wanne, Walutheri watatu na mpiga ngoma Mkatoliki, na tunamsifu Mungu kwa sauti ya juu. Nina pedali ndogo ya chuma ninayoiweka miguuni. Nikiikanyaga, gitaa linaacha kulia kistaarabu, linaanza kunguruma. Mara ya kwanza kuisikia sauti ile, kwenye kaseti ya mgeni aliyekuja kutufundisha sekondari, niliona kama mtu ameomba sala ambayo mimi nilikuwa nashindwa kuitamka.

Usharika wangu wa nyumbani, Muleba, haukuona hivyo. Kwenye ibada moja ya vijana niliikanyaga pedali katikati ya pambio, na mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu aliyenifundisha Shule ya Jumapili, akainuka taratibu, akaenda ukutani, akachomoa waya. Baada ya hapo baraza la wazee likatoa uamuzi: gitaa ruksa, mngurumo marufuku. Nia ya mzee yule siilaumu. Ndiye aliyeshinda nasi msibani tulipofiwa na baba, na sala zake zilitushika mkono. Aliamini tu kwamba Mungu hapigiwi kelele. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba Mungu hana tatizo la masikio.

Kilichoniuma ni mama. Siku ile hakuwa kanisani, lakini habari zilimfikia kabla mimi sijafika nyumbani: binti yako amepiga muziki wa baa madhabahuni. Hakunigombeza. Aliacha tu kuniuliza habari za kazi. Magoti yake hayamruhusu kuja Bukoba kwenye matamasha, na kwenye redio hawezi kujua gitaa lipi ni langu na lipi ni la mwingine. Wenzake wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Yuko Bukoba." Kana kwamba kuwa Bukoba ni ajira! Miaka ikapita hivyo. Nilipiga kwenye viwanja vilivyojaa, nikashangiliwa na watu nisiowajua, na mtu mmoja niliyetamani anisikie hakuwa amesikia hata wimbo mmoja.

Mwaka jana usharika ukaitisha harambee ya mabati, na mchungaji mpya akaialika bendi yetu. Masharti yalikuwa yale yale. Nilikubali, kisha nikaitia pedali kwenye begi. Sitajifanya malaika, nilijua kabisa kwa nini naitia.

Baada ya ibada watu wote tukatoka uwanjani, penye rundo la mazao ya sadaka, na mwinjilisti akaanza kunadi. Tulipiga nyimbo zetu kwa upole kama tulivyoagizwa, wakatupigia makofi ya adabu. Kisha ukaanza ule utani wa harambee. Mtu anatoa kuku ili mchungaji avue koti, mwingine anatoa kuku wawili ili alivae tena. Aliyeshinda anatoa, aliyeshindwa pia anatoa, na kanisa linavuna pande zote.

Mwenyekiti wa akina mama, ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti, akasimama.

"Natoa mkungu wa ndizi, huyu binti apige lile gitaa lake lililokatazwa. Nataka nijue lilikatazwa kwa kosa gani!"

Uwanja mzima ukacheka. Yule mzee aliyechomoa waya akasimama, koti limefungwa vifungo vyote, anatabasamu.

"Natoa mikungu miwili, lisipigwe."

Akina mama wakaongeza kuku. Mzee akatoa debe la kahawa. Vijana wakakimbilia upande wa akina mama na mananasi na mayai, wazee wakajipanga nyuma ya mwenzao na maharage. Mwinjilisti alikuwa akirukaruka katikati kwa furaha, mabati yanahesabika machoni pake.

Mzee akainua mkono. "Beberu wangu. Lisipigwe."

Beberu si mzaha. Akina mama wakatazamana, na mwinjilisti akaanza, "Beberu mara ya kwanza! Beberu mara ya pili!" Nikamtazama mama. Alikuwa benchi la mbele, mikono mapajani, macho chini. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nilikuwa na hakika anaomba mambo yale yaishe upesi.

Mara akashika bega la jirani yake, akajiinua polepole.

"Mwinjilisti, subiri, waitu, tafadhali. Natoa ndama."

"Ndama yupi, mama?"

"Ninaye mmoja tu. Unamjua."

Mzee akageuka, tabasamu limemtoka. "Mama, huyo si wa kutania."

"Sitanii, mwalimu. Miaka yote hii nyinyi ndio mnaoniambia mwanangu anapiga nini. Masikio ninayo. Leo nataka nisikie mwenyewe."

Mzee akainua mikono yote miwili. "Nimeshindwa," akasema, akaketi.

Vigelegele! Mimi nikapiga magoti, nikaitoa pedali begini na kuichomeka. Nikachagua pambio la Kihaya ambalo kila mtu pale alilinyonya na maziwa ya mama yake. Nikakanyaga.

Kuku waliofungwa miguu wakaruka. Mpiga ngoma wetu Mkatoliki aliziangukia ngoma kana kwamba mabati yale ni ya parokia yake. Ubeti wa kwanza watu walishangaa, wa pili waliimba, na kiitikio kilipofika akina mama walikuwa wameshaingia kati, wamefunga kanga viunoni, wanacheza, vumbi juu. Nikapiga solo ndefu kuliko zote nilizowahi kupiga. Nililia na sikujifuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mzee hakucheza, alikaa amekunja mikono kifuani. Lakini hakuusogelea waya.

Nilipomaliza, kelele za shangwe zilichukua muda kutulia. Mwinjilisti akajipangusa jasho, akashika kipaza sauti.

"Ndama amepata haki yake! Haya, turudi kwenye mananasi."

Watu wakaanza kurudi mabenchini. Mama peke yake hakukaa. Alisimama vile vile mbele yangu, kwa magoti yale yale mabovu, uso umelowa.

"Mananasi yasubiri," akasema. "Ndama wangu si wa wimbo mmoja. Piga, mwana wange."