Ijumaa ya Kwanza, Saa Tisa

Zunilda Ocampos alifundisha chelo, ile fidla kubwa ichezwayo kwa kuketi, katika chuo chetu cha muziki kwa miaka ishirini na sita, na watu wengi wa mji hawakuwahi kumsikia akicheza. Walimsikia akihesabu. Ukipita barabara ya nyuma, ile ya mikokoteni ya miwa inayokwenda kiwandani, sauti yake ilikufikia kutoka dirishani: moja, mbili, tatu, rudia. Mimi nilifundisha kusoma noti katika chumba namba nne, yeye namba tatu, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Maisha yake mengi niliyapokea kwa sikio.

Baba yake aliendesha mkokoteni wa ng'ombe. Chelo aliipata kwa sababu padri mmoja mgeni aliondoka mjini akaiacha yake nyuma ya kanisa, imeegemea ukuta kama jeneza la mtoto, na hakuna aliyetaka kubeba zigo lile. Zunilda akalibeba. Alijifunza, akafundisha, hakuolewa, alimwuguza mama yake mpaka akamzika. Mara moja tu alicheza mbele ya watu wa mji mkuu, akiwa na miaka ishirini na miwili, na aliporudi hakusimulia lolote ila kwamba viti vya kule vilikuwa virefu.

Chuo chetu kiliishi kwa mikono ya watu. Serikali ililipa walimu wa asubuhi. Vipindi vya alasiri, nyuzi, na chakula cha watoto vilitoka kwa wafadhili, na mkubwa wao alikuwa Don Abdón Fretes, mzee aliyewahi kuwa na duka la dawa kule mji mkuu, Asunción. Binti yake wa pekee, Mirna, alifariki akiwa na miaka ishirini na minne. Aliacha chelo ya rangi ya asali iliyoungua, na baba hakuweza kuitazama, wala hakuweza kuiuza. Akatukabidhi sisi tuitunze na kuitumia. Pamoja nayo akaahidi mshahara wa Zunilda wa alasiri na chakula cha mchana cha watoto sita wa darasa la nyuzi, wale waliokuja kwa miguu kutoka mashamba ya miwa.

Sharti lake lilikuwa moja. Chelo ya Mirna ichezwe na mwanafunzi, asiwe mwalimu, maana mwalimu tayari ana maisha yake. Na kwa kuwa alikuwa amekatwa mguu kwa kisukari na hakusafiri tena, aliomba kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, mwanafunzi huyo amchezee kwenye simu kipande kifupi ambacho Mirna alikipenda. Hakutaka kushukuriwa. Akimaliza kusikiliza alisema, "Mungu akubariki," akakata.

Basi ikawa desturi. Ilipokaribia saa tisa, Ña Porfiria, yaani Bi Porfiria, karani wetu, aliburuta waya wa simu kutoka ofisini mpaka chumba namba tatu, akaweka mkono wa simu juu ya kiti, mdomo wake ukielekea chelo. Chuo kizima kilinyamaza. Hata wapiga tarumbeta, ambao hawajawahi kumheshimu mtu, waliweka tarumbeta chini.

Aliyecheza alikuwa Derlis Cañete, mtoto wa mkata miwa. Alianza akiwa na miaka kumi na miwili, na alipofika kumi na saba alikuwa na mkono mzuri kuliko wote waliopita pale. Mwezi wa pili wa mwaka huo baba yake aliangukiwa na mzigo wa miwa akavunjika nyonga. Derlis alikuja kumuaga Zunilda akiwa amevaa viatu vya mjomba wake.

"Nakwenda Buenos Aires, mwalimu. Mjomba kaniwekea nafasi kwenye ujenzi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mzee asimame."

"Nyonga haisimami, Derlis."

"Najua, mwalimu."

Nilimsikia Zunilda akimwambia avae glavu anapobeba saruji. Alilirudia mara tatu, kama anavyorudia kila kitu, kisha mlango ukafungwa.

Machi, Ijumaa ya kwanza, simu ikalia. Kati ya wale watoto sita hakuna aliyeweza kukicheza kile kipande. Mkubwa wao, Lizza, alikuwa anajua mistari miwili tu. Ña Porfiria alisimama mlangoni akiwa amefunika simu kwa kiganja, akamtazama Zunilda. Zunilda akawatazama watoto, waliokuwa bado wana mafuta ya chakula midomoni. Akaketi kwenye kiti cha Derlis, akacheza.

Ningependa kueleza nilichosikia siku ile, lakini maneno yangu ni ya mtu wa noti. Nilisikia mwanamke wa miaka hamsini na mmoja akisema kwa mara ya kwanza jambo alilokuwa amelihesabu tu maisha yake yote. Wanafunzi wangu waliacha kuandika. Mmoja alianza kulia, akadai ni mafua.

Kwenye simu Don Abdón alisikiliza mpaka noti ya mwisho. Mwishowe akamuuliza Ña Porfiria, "Ni yuleyule kijana?"

"Ndiye, mzee," Porfiria akasema.

"Amekua," akasema mzee. Mwezi huohuo akaongeza nyama kwenye chakula cha watoto.

Tulikubaliana kuwa uongo ule ni wa mwezi mmoja. Ukawa wa Aprili, ukawa wa Mei. Kila mwezi Zunilda alisema Lizza atakuwa tayari, na kila mwezi kile kipande kilikuwa kikubwa kuliko vidole vya Lizza. Desemba Derlis alipiga simu kutakia heri za sikukuu, na Ña Porfiria, ambaye hawezi kuacha utani hata msibani, akamwambia, "Wewe bado uko hapa, kijana. Unacheza vizuri kuliko ulivyokuwa unacheza." Derlis alicheka, kisha akauliza anacheza nini. Alipoambiwa kwamba ni kipande cha Ijumaa, na mwalimu ndiye anayekicheza kwa jina lake, hakucheka tena. Aliomba asalimiwe mwalimu.

Mwaka wa pili baridi ilikuja mapema. Upepo wa kusini uliingia kwenye nyufa, na kila asubuhi Zunilda alikumbatia kibuyu chake cha yerba mate, chai ya moto ya majani ya kwetu, kwa mikono miwili bila kunywa. Ilikuwa baridi yabisi. Ilianza kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ikahamia cha pili. Hakuniambia. Niliijua kupitia ukutani: noti zilizokuwa zikifika zimenyooka sasa zilifika zimechelewa, zimepinda, na sehemu ya juu ya kile kipande alianza kuiruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Mei, Don Abdón aliuliza kama kijana anaumwa. Porfiria akasema ana mafua. Juni hakusema Mungu akubariki. Alisema, na Porfiria alitusomea kutoka kwenye karatasi kwa sababu hakuthubutu kubadilisha neno lolote:

"Mwambie kijana amezoea vya bure. Nimemsikiliza tangu akiwa mtoto, na sasa nasikia mtu asiyefanya mazoezi. Akinichezea hivi tena Julai, chelo ya binti yangu itakwenda kwa mwenye njaa nayo, na vyote vitaifuata."

Zunilda alikuwa anafunga chelo kwenye kasha. Aliendelea kufunga. Baadaye alisema polepole, "Derlis anabeba saruji. Hakuwahi kukosa mazoezi hata siku moja."

Mwezi ule mzima aliloweka mikono katika maji ya moto yenye majani aliyopewa na muuza dawa za mitishamba sokoni. Alicheza asubuhi kabla watoto hawajafika. Nilikuwa nikifika mapema nisikie, na nilijuta kila mara. Mkuu wa chuo alimsihi avumilie mwezi mmoja zaidi, wapate hata kumwambia mzee kwamba kijana amevunjika mkono. Zunilda alijibu kwamba Derlis ameshavunjiwa vya kutosha.

Ijumaa ya kwanza ya Julai watoto walikula, wakakaa kwenye benchi la ukutani. Porfiria akaweka mkono wa simu juu ya kiti. Zunilda hakuchukua upinde wa chelo. Aliinua ule mkono wa simu, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Don Abdón, mimi ni Zunilda, mwalimu. Derlis aliondoka mwaka jana mwezi wa pili. Anafanya kazi ya ujenzi. Aliyekuwa anacheza ni mimi."

Sikuweza kusikia upande wa pili. Porfiria, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu, ndiye aliyenieleza.

"Ile ya Machi mwaka jana?" mzee aliuliza.

"Ni mimi."

"Na hizi za karibuni?"

"Ni mimi pia. Mikono imeharibika. Usimlaumu mtoto wa watu."

Mzee akasema, "Ile ya Machi, nilimwombea yule kijana kila usiku. Niliomba nisife kabla hajawa mtu. Umenifanya nimwombee mtu ambaye hayupo, mama. Hilo nililifanya tayari mara moja."

Zunilda akasema watoto hawana kosa. Mzee akasema anajua, wataendelea kula mpaka Desemba. Akakata.

Gari la kuichukua chelo lilikuja Jumanne. Dereva hakujua chelo inalazwaje, akataka kuilaza kifudifudi. Zunilda alimwonyesha: ubavuni, na blanketi chini ya shingo. Kabla ya hapo alikuwa amelegeza nyuzi kidogo, kama inavyofanywa kwa safari ndefu. Vidole vyake vilikataa kile kigingi cha mwisho cha kukazia uzi, nikakigeuza mimi. Gari likaondoka nyuma ya mkokoteni wa miwa, kwa mwendo wa ng'ombe, mpaka kona ya kiwanda.

Vipindi vyake vya alasiri viliisha Agosti. Sasa hufundisha asubuhi tu, kwa chelo ya mbao nyepesi ambayo sauti yake ni ya sanduku, na hahesabu tena kwa sauti kubwa, hugonga mguu. Alimwandikia Derlis barua moja kumweleza kwamba jina lake ni safi kwa mzee. Haijajibiwa; labda anwani ilikuwa ya jengo lililokwisha kumalizika, na wajenzi wake wamehama.

Desturi ndiyo iliyobaki. Kila Ijumaa ya kwanza, saa tisa ikigonga kanisani, hakuna anayesema chochote, lakini tarumbeta zinashuka, na watoto ambao hawajawahi kumsikia mzee wananyamaza kwa sababu wakubwa wao wananyamaza. Ña Porfiria hukaa ofisini mbele ya simu, mikono mapajani. Ukimya ule huchukua muda uleule wa kile kipande, mpaka noti yake ya mwisho. Kisha mtu mmoja anakohoa, na mazoezi yanaendelea.