Watu Watatu Kwenye Mfereji

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Uluguru, nasubiri. Na kusubiri sikuwezi. Kila Jumamosi nilishuka kwa miguu mpaka Morogoro mjini kwa mwalimu wetu wa hesabu, aliyewahi kufanya kazi Dar kwenye ofisi yenye kompyuta. Tulikuwa wanafunzi wanne, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona. Alitufundisha ubaoni tu: seti, mishale ya kuonyesha nani anahusiana na nani, na namna ya kuandika maagizo hatua kwa hatua.

"Kompyuta haijiongezi," alisema. "Ukisahau hatua, haikuonei huruma."

Ilikuwepo nafasi moja ya mafunzo Dar. Mwalimu angepeleka jina la atakayeandika maagizo, watu wakayafuata bila kuuliza, na kazi ikaisha. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakishuki.

Nikachagua mfereji. Kijijini kwetu maji ya bustani yanatoka juu mlimani, na kila Alhamisi asubuhi, zamu ya upande wetu, watu wanabishana nani ayafungulie shambani kwake kwanza. Nikaandika: simameni wawili wawili. Anayetoa shikamoo amwachie nafasi anayeitikia. Endeleeni hivyo mpaka apatikane asiye na wa kumwamkia, huyo afungue. Akimaliza, anzeni upya na waliobaki.

Balozi wa nyumba kumi akakubali tujaribu. "Ila msiulize kitu," nikawaambia watu. "Karatasi inavyosema, ndivyo hivyo hivyo."

Wazee wakafungua, wakamaliza, wakaenda zao. Wakabaki watatu: dada yangu, ambaye miche yake ya kabichi ilishaanza kulegea, fundi seremala, mkubwa kuliko dada, na mjomba wake fundi, kijana wa miaka kumi na saba, kitinda mimba wa bibi yake fundi.

Dada akamwamkia fundi, akarudi nyuma. Fundi akamgeukia yule kijana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu," kijana akaitikia, kaikaza sauti kama mzee. Kwetu mjomba ni mjomba, hata akiwa na kaptula ya shule. Fundi akarudi nyuma. Lakini kijana naye alikuwa na wa kumwamkia: dada, aliyemzidi miaka kumi.

"Shikamoo, dada." Naye akarudi nyuma.

Dada akamtazama fundi. "Shikamoo tena, kaka."

Wakazunguka mara tatu. Hawakuuliza kitu, maana nilishawakataza. Maji yakawa yanajiendea bondeni.

"Mdogo wangu," dada akasema, "hii karatasi yako inataka tulale hapa?"

"Mnakosea nyie."

"Tumekosea wapi? Tumeamkiana mpaka koo limekauka. Na kabichi nazo zimekauka."

Balozi akafunga maji. Zamu ya upande wetu ilikuwa imekwisha. Jioni nilimchotea dada maji ya mtoni, debe baada ya debe. Nusu ya miche ilikufa.

Jumamosi, njia nzima nilipanga kumwambia mwalimu kwamba watu wa kwetu hawajui kufuata maagizo. Mwenzangu mmoja alikuwa kaleta maagizo ya kusonga ugali. Mdogo wake kayafuata, wakala. Ilipofika zamu yangu nikaeleza yote, hata miche. Mwalimu akachora nukta tatu na mishale mitatu.

"Nani kakosea?"

Nikaitazama ile mishale inavyozunguka. "Mimi. Nilidhani lazima ifike juu kwa mtu mmoja."

"Ungejuaje kabla hujawasimamisha watu?"

"Ningewachora kwanza." Nikachukua chaki, nikaongeza hatua moja: mkirudi kwa mtu mliyekwisha kumpita, simameni, afungue aliyefika mferejini kwanza.

Mwalimu akaisoma mara mbili. "Hii ni nzuri. Lakini jina napeleka la mwenzako. Kazi yake iliisha."

Nilipanda mlima taratibu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Alhamisi iliyofuata dada alifika mferejini jua halijachomoza. Wale watatu wakaamkiana, wakazunguka mara moja, wakasimama. Dada akaondoa tope kwa jembe, maji yakaingia kwenye miche iliyopona.

"Leo karatasi ina akili," akasema.

"Haina," nikamjibu. "Ila leo nimeiambia lini isimame."